Mashine ya Zamani ya Kuoshea Vyombo: Anza na Taima

Ile krr-krr-krr unayoisikia ukizungusha swichi ya mashine ya zamani ya kuoshea vyombo ndiyo akili yake yote. Nyuma ya swichi kuna mota ndogo inayosukuma ngoma ya plastiki taratibu. Hiyo ndiyo taima. Ngoma ina matuta ubavuni, na kila tuta likipita hubinya kibati kinachowasha au kuzima kitu kimoja: vali ya maji, pampu, hita, kikombe cha sabuni. Basi. Ndiyo maana bisibisi na multimita (kifaa cha kupimia umeme) vinatosha kuitengeneza, na ndiyo maana wengine hatuzichoki. Zungusha swichi kufuata mwendo wa saa tu, mashine ikiwa imezimwa. Ukilazimisha kinyume unapinda vibati.

Ubaya wake ni kwamba taima huhesabu dakika, haipimi maji. Muda wa vali ukiisha, vali inafungwa, hata kama bomba limetoa nusu tu. Lile boya la chini, kwa nyingi ya mashine hizi, kazi yake ni kuzuia mafuriko, si kuhakikisha maji yametosha.

Kwa hiyo vyombo vikitoka na chembe za chakula, usikimbilie sabuni kali. Washa, subiri mlio wa maji kuingia ukome, kisha fungua mlango. Maji yanatakiwa yafikie koili ya hita au karibu nayo. Yakiwa chini sana, pampu inavuta hewa, inakoroma, na mikono ya kurushia maji inazunguka kivivu. Mara nyingi kosa ni kichujio kidogo cha wavu kwenye mdomo wa vali, kilichozibwa na kutu ya mabomba. Chomoa umeme, funga maji, fungua mpira wa kuingizia maji, vuta wavu kwa koleo na uusugue kwa mswaki.

Jambo la pili ni joto. Nyingi za zamani ziliundwa ziunganishwe na bomba la maji moto. Hita yake inatunza joto na kukausha, haina muda wa kuchemsha maji baridi. Yanahitajika maji ya nyuzi 50 hadi 60 za Selsiasi. Kabla ya kuwasha, fungulia maji moto kwenye sinki mpaka yaunguze kidole. Usipofanya hivyo, mashine inajaza maji yaliyolala bombani, na mafuta yanaganda kwenye vikombe.

Wazo la kuosha kwa msukumo wa maji badala ya kusugua si geni: Josephine Cochrane alipata hataza ya mashine yake ya kuoshea vyombo Marekani mwaka 1886. Mikono ya mashine za baadaye haina mota. Inazungushwa na maji yanayotoka kwa pembe kwenye matundu yake. Tundu moja la pembeni likiziba kwa chokaa, mwendo unapungua. Loweka mkono kwenye siki nyeupe usiku mmoja, zibua kwa kijiti cha meno. Msumari hupanua tundu, na hapo msukumo umepotea.

Ikiwa mashine imekaa miezi bila kazi, sili ya pampu, ile pete inayozuia maji kuvuja, hukauka. Mimina lita mbili za maji chini na uziache zilale humo. Asubuhi washa; mota ikinguruma bila kuzunguka, zima papo hapo kabla koili zake hazijaungua, chomoa umeme, kisha zungusha panga la pampu kwa mkono mpaka lilegee.