Ukisoma hoja ya mtu, anzia mwisho urudi nyuma

Ukitaka kuona watu wazima wanabishana bila kusoma, taja Azimio la Arusha kwenye grupu lolote la WhatsApp la Watanzania. Sasa hivi tu mmoja atasema Mwalimu Nyerere alituharibia nchi, mwingine atasema tungemsikiliza leo tungekuwa mbali, na ukiwauliza ni aya ipi wanaizungumzia, kimyaaa. Na lenyewe, hilo tamko la chama cha TANU kuhusu ujamaa na kujitegemea, wala sio refu, limetoka Februari 1967, ni kijitabu tu, unakimaliza jioni moja na chai yako.

Mi nalitumia sana hilo Azimio nikisoma na vijana wanaojiandaa na mtihani, sio kwa ajili ya siasa, ni kwa sababu limeandikwa kwa Kiswahili cha kueleweka na hoja zake nyingine ziko imara, nyingine zinalegalega. Ushauri wangu ni mmoja, anza na hitimisho. Jiulize huyu anataka nitoke hapa nikiamini nini, liandike kwa maneno yako pembeni ya ukurasa, halafu rudi nyuma ukiuliza "kwa nini?" kila hatua mpaka ufike mahali ambapo hakuna tena sababu, kuna kauli tu. Hapo ndo pa kubishania.

Chukua Sehemu ya Tatu, ya kujitegemea, pale kwenye mikopo. Hitimisho ni zito: tusipoangalia, unyonyaji wa kweli Tanzania utakuwa wa watu wa mijini kuwanyonya wakulima. Kwa nini? Kwa sababu mikopo ya nje mkulima ndo anailipa. Kwa nini yeye? Kwa sababu deni linalipwa kwa fedha za kigeni, na viwanda vya mjini vingi haviziingizi, vimejengwa kutengeneza vitu ambavyo zamani tulikuwa tunaagiza, kwa hiyo za kulipia zinatoka kwenye mazao. Na mikopo yenyewe inatumika wapi? Mijini. Ona ilivyoshikana, na kila kipande unaweza kwenda kukikagua, tulikuwa tunauza nini nje miaka ile (katani, pamba, kahawa), viwanda vilikuwa vinamuuzia nani. Tena mwandishi kashaona mtu atamuuliza mbona hospitali na barabara ni za wote, akamjibu mapema kwamba hospitali kubwa ziko mjini na lami inawafaa zaidi wenye magari. Hilo la barabara mimi halijaniingia mpaka leo, pamba inafikaje bandarini? Lakini angalau najua ninabisha nini, sibishi Azimio zima.

Sasa sogea mbele, pale kwenye saa za kazi, mi ndo napapenda zaidi. Kwa wafanyakazi wa mshahara anatoa namba, saa saba na nusu au nane kwa siku, kama saa 45 kwa wiki. Akigeukia wakulima, hasa wanaume, namba hakuna, kuna swali: hao wanafanya kazi saa ngapi kwa wiki, wiki ngapi kwa mwaka? Halafu anajibu mwenyewe kwamba wengi hawafikishi hata nusu ya saa za mwenye mshahara. Nikifika hapo nawaambia vijana simameni kwanza, hesabu imepotelea wapi? Tumetoka kwenye namba tukaingia kwenye swali tukatokea kwenye jibu, na kwa kuwa namba ya kwanza haikuwa na shida tumeipokea na ya pili hivyohivyo bila kuiuliza imetoka wapi. Baadaye anasema wanaume wa vijijini, na baadhi ya wanawake wa mjini, wako likizo nusu ya maisha yao, na hapo kila mtu anacheka, na kicheko ndo kinamaliza ubishi. Mwandishi akikuchekesha, irudie hiyo sentensi.

Kuna kijana aliwahi kubisha vizuri tu, akasema kilimo ni msimu, kiangazi mtu atapalilia nini? Nikafurahi maana kaigusa dhana ambayo haijaandikwa popote, kwamba kazi ya shamba inapimika kwa saa ya ofisini. Kabla sijamsifia, binti mmoja akamwambia soma na sentensi zinazofuata, mbona wanawake wa vijiji hivyohivyo wanafanya saa 12 au 14 kwa siku, mpaka Jumapili na sikukuu, wao msimu wao uko wapi? Kijana akasema maji na kuni sio kilimo. Binti akauliza, na nani kasema mwanaume hachoti maji? Aisee, niliwaacha wenyewe.

Kitu kingine ni tamathali. Azimio linasema tuko vitani na umaskini na tumechagua silaha ambayo siyo, yaani fedha. Ukishakubali kuna vita, silaha mbaya inakuwa kosa bila hata kuthibitishwa. Vua hiyo lugha uone kinachobaki. Kumbe ni madai mawili tofauti, moja kwamba fedha hatuna kwa hiyo kuitegemea ni upuuzi, lingine kwamba fedha ni matokeo ya maendeleo, siyo msingi wake. La kwanza unaweza kulikubali bila la pili, na watu wengi wanaolitetea Azimio wanatetea la kwanza wakidhani wametetea yote.

Sio kila kitu kinastahili kazi hii, fowadi ya dawa ya kitunguu saumu we ifute tu. Ila ukitaka kujaribu, Azimio lipo bure mtandaoni, na usianze na ukurasa wa kwanza, huko kuna imani na misimamo ya chama. Nenda moja kwa moja Sehemu ya Tatu, ukiwa na penseli.