Ree mbili zikipigwa: jinsi ninavyolinda kichwa changu kwenye meza ya poka

Mkuu, nimesoma swali lako mara mbili. Umesema una miezi 8 kwenye Texas Hold'em (ile poka ambayo kila mtu ana karata mbili za siri, na tano za wote zinafunuliwa mezani), hesabu za karata unaziweza, wiki tatu unaingiza vizuri, halafu usiku mmoja ree zako mbili, karata kali kuliko zote za kuanza nazo, zinapigwa na mpaka unaondoka umeshatapika faida yote ya wiki tatu. Unauliza waliozoea wanafanyaje wasipandwe na jazba.

Mimi huu ni mwaka wa tisa nacheza. Mara nyingi ni Alhamisi nyumbani kwa rafiki yangu hapa Dar, na mara moja moja kasino. Sijawahi kuishi kwa poka, nina kazi yangu. Wapo watakaokuja kusema kamari ni haramu. Nawaheshimu, ila wewe hukuuliza hilo. Umeuliza jambo ambalo mimi liliniumiza kuliko lolote katika mchezo huu, na nitakujibu kwa urefu.

Ilikuwa Desemba, kasino moja mjini, blaindi 1,000 na 2,000 (dau la lazima, dogo na kubwa, wanaloweka wachezaji wawili kabla ya karata kugawiwa), na kila anayekaa anaanza na laki mbili. Nikapata ree mbili. Mzee mmoja mpole kushotoni kwangu akapandisha, nikapandisha juu yake, akasukuma chipu zake zote (vile vibao vya pesa), nikalipa bila kufikiri. Akafunua wafalme wawili. Flopu, zile karata tatu za kwanza za mezani, ikaja safi; teni, ile ya nne, ikaja safi. Ikabaki karata moja, na katika karata 44 ambazo hatujaziona, ni 2 tu zinazoweza kumwokoa, wafalme wawili waliobaki. Akashuka mfalme wa kopa.

Yule mzee akaninyooshea mkono: "Pole sana, mwanangu." Na alimaanisha. Lakini ile pole yake ndiyo iliyoniwasha. Nikanunua chipu tena, na kuanzia hapo nikawa naingia kila poti (pesa inayoshindaniwa mezani) aliyomo yeye. Nampiga mkwara nina saba na tatu, karata za kutupa. Anatazama karata zake, ananitazama usoni, analipa. Zilipita kama dakika 40, laki nne nyingine hazipo. Nikainuka. Sasa pale njia ya kutokea inapita kando ya meza ya ruleti, lile gurudumu la namba. Nikasema nitasimama kidogo tu, nikaacha laki mbili na nusu.

Jumla 850,000. Laki tano katika hizo zilikuwa sehemu ya kodi ya nyumba ya miezi mitatu. Nilifika nyumbani alfajiri nikamwambia mke wangu kila kitu, kwa sababu kodi ilikuwa ya wiki ile na hapakuwa na pa kuficha. Hakupiga kelele. Alinisikiliza mpaka mwisho, akauliza: "Hizo laki mbili za kwanza nimekuelewa. Hizi laki sita na nusu zilikwendaje?"

Sikuwa na jibu. Mpaka leo ndilo swali ninalojiuliza kila nikitoka mezani: zipi zimechukuliwa na karata, na zipi nimezitoa mwenyewe? Ukianza kuzitenganisha hizo mbili, utaona kwamba ree zako kupigwa ni sehemu ndogo sana ya ugonjwa wako.

Tuziangalie hizo ree kwa namba. Ree mbili dhidi ya wafalme wawili, pesa zote zikiingia kabla ya flopu, zinashinda takribani mara 82 katika 100. Watu wanasikia 82 wanaelewa "nashinda". Sasa fikiria umekutana na hali hiyohiyo mara 5. Uwezekano wa kushinda zote tano ni asilimia 37 tu. Kwa maneno mengine, ni rahisi zaidi kupigwa angalau mara moja kuliko kutopigwa kabisa. Ukikaa mezani huku moyoni umeshajihesabia zile 82 kama 100, basi umejiwekea deni ambalo hakuna wa kukulipa, na siku lisipolipwa utamtafuta wa kumdai. Mimi nilimdai mzee wa watu.

Jingine ambalo halisemwi sana ni kusubiri. Ree mbili huja kwa wastani mara moja katika migao 221, yaani kila unapogawiwa karata upya ni mgao mmoja. Meza ya kawaida yenye mgawa karata inatoa kama migao 30 kwa saa. Ukikaa saa tano umeona migao 150, kwa hiyo kuna usiku mwingi utaondoka hujaziona kabisa. Unatupa karata, unatupa, unatupa, mgongo unauma, halafu zinakuja. Saa zile zote za uvumilivu zinageuka kuwa kama mshahara unaokusubiri. Zikipigwa, uchungu wako haulingani na poti ile moja. Unalia usiku mzima uliousubiria. Tangu nilipolielewa hili, nikifunua ree mbili najiambia kimoyomoyo, kabla sijagusa chipu hata moja: "Mara 18 zipo." Ni maneno matatu, lakini nayasema kila mara, na ninajilazimisha kuyaamini kabla karata ya kwanza haijafunuliwa mezani. Yakisemwa baada ya kupigwa hayasaidii kitu.

Kuhusu wiki zako tatu za faida, nikuambie kwa upendo kwamba hazikuonyeshi lolote bado. Mchezaji mzuri kweli, anayeingiza wastani wa blaindi kubwa 5 kwa kila migao 100, akicheza migao 10,000 bado ana uwezekano wa karibu 3 katika 10 wa kuwa ndani ya hasara. Na kwa mtu anayecheza saa tano mara moja kwa wiki, migao 10,000 ni zaidi ya mwaka mzima. Unaweza kucheza vizuri mwaka mzima ukatoka umepoteza, na jirani yako anayecheza ovyo akatoka anacheka. Mtu asiyelikubali hilo atakuwa na hasira kila wiki, hata umfundishe kupumua namna gani.

Ndiyo maana sikubaliani na ushauri wa "tulia tu, usiwe na hisia". Hisia zinakuja. Kule kuchemka Wamarekani wanakuita tilti, neno lililotoka kwenye zile mashine za kurusha kigololo cha chuma: mchezaji akiitikisa kwa nguvu ili kigololo kiende anakotaka, mashine inaandika neno hilo na kujifunga, mchezo umekwisha. Kichwa kinafanya vilevile, kinajifunga. Na mwaka 1979 wanasaikolojia Daniel Kahneman na Amos Tversky walieleza kwamba binadamu akiwa ndani ya hasara anakuwa tayari kujihatarisha kuliko akiwa ndani ya faida. Kwa hiyo ile hamu ya "nizirudishe leoleo" isikufanye ujione mtu dhaifu. Sote tumeumbwa nayo. Kinachowezekana ni kufanya maamuzi ukiwa na akili timamu, kabla hujakaa, na kuyafunga yasifunguke ukishachemka.

Yangu ni haya. Pesa ya mchezo ina laini yake ya simu, mbali na ile ya mshahara, na naianza na mitaji isiyopungua 30 ya meza ninayokaa (mtaji mmoja ni ile pesa unayoanza nayo ukikaa). Ikishuka chini ya 20 nashuka meza ndogo, au nabaki na Alhamisi ya nyumbani mpaka ijazike. Nilikaa miezi saba bila kukanyaga kasino kwa sababu hiyo. Iliniuma, nikashika. Kasino naenda na mitaji miwili ya noti na nauli, simu ya pesa inabaki nyumbani. Miwili ikiisha, usiku umeisha. Sijiulizi kama meza ni nzuri, kama kuna mlevi anayegawa pesa, kama nacheza vizuri leo. Maswali hayo ni ya mtu aliyetulia, na mimi nikiwa nimepoteza mitaji miwili sijatulia, hata nikijiona nimetulia.

Na ukiondoka, ondoka. Usisimame ruleti. Poka kasino inachukua makato yake kwenye poti na wewe unapambana na wachezaji wenzako, ujuzi wako una kazi. Ruleti yenye sifuri moja inakula asilimia 2.7 ya kila unachoweka, ujue usijue. Mcheza kamari Archie Karas alifika Las Vegas mwaka 1992 na dola 50, zikaja kuwa karibu dola milioni 40, kwa biliadi na poka dhidi ya wachezaji wakubwa wa wakati ule, na kwa dadu. Ziliondoka zote, nyingi zikiishia kwenye dadu na bakara, mchezo wa karata wa bahati tupu. Namfikiria kila nikipita ile meza.

Sasa dalili. Kila mtu ana zake, na inabidi uzijue kabla ya hesabu yoyote. Zangu nilizipata kwa kuandika kwenye daftari kila nikirudi, mwaka mzima. Ya kwanza: naacha kuhesabu poti. Nikiulizwa sasa hivi mezani kuna kiasi gani na sijui, nimeshachemka. Ya pili: namwona mtu mmoja tu meza nzima. Ya tatu, ambayo ilinichukua muda kuikubali, nalipa haraka, kama mtu anayetaka jambo liishe. Ikitokea moja, nasimama, naacha migao ipite mpaka mzunguko mzima umalizike, natembea nje, nanawa uso. Zikitokea mbili, nakwenda nyumbani hata kama nina faida.

Ndiyo, hata kama nina faida, maana jazba ya kushinda nayo ipo na haina maumivu ya kukushtua. Usiku nilioongeza mara tatu ya nilichokuja nacho nilianza kulipa poti kubwa nikiwa na karata nne za kopa nasubiri ya tano ili zitimie tano za aina moja, karata moja imebaki, nikijiona leo ni siku yangu. Hiyo ya tano inakuja chini ya mara moja katika tano. Karata hazijui kwamba ni siku yako.

Kwenye daftari usiandike tu umepata au umepoteza ngapi. Chagua migao mitatu iliyokutikisa, andika ulijua nini wakati unaamua, ukaamua nini, na kwa nini. Matokeo yaandike mwisho kabisa, au usiyaandike. Mgao wangu wa ree na wafalme nimeuandika hivyo: nilifanya sawasawa, ningefanya hivyohivyo kesho. Ule wa saba na tatu uko ukurasa unaofuata, na sina cha kuutetea.

Neno moja gumu, nalisema kama kaka yako. Ukiona unacheza kwa pesa ya kukopa, au unamficha mwenzako, au siku usiyocheza huwezi kukaa, basi usitafute mbinu za kutuliza kichwa mezani. Simama kabisa, mwambie mtu mmoja unayemwamini, akushikie pesa. Kuna rafiki yetu wa Alhamisi alifikia hapo. Aliacha, na bado tunakula naye pamoja. Anakuja saa mbili, anakula pilau, na karata zikitolewa anaaga. Hakuna anayemshawishi abaki, tulikubaliana hivyo.

Hukusema usiku ule ulipoteza mitaji mingapi baada ya ree kupigwa, na ulikuwa na mingapi jumla. Niandikie namba hizo mbili, na ule mgao wa kwanza uliocheza baada ya kununua chipu tena: karata zako, mahali ulipokaa, na nani alikuwa kwenye poti. Tuanzie hapo.