Kununua cherehani ya mkono ya zamani Tanga: tazama chini kabla ya kutazama nakshi

Cherehani za mkono za zamani bado zipo Tanga, tena nyingi kuliko anavyodhani mtu anayezitafuta madukani. Wenye nazo hawazihesabu kuwa bidhaa, kwa hiyo zimekaa juu ya makabati, chini ya vitanda na katika vyumba vya uani vya nyumba za Ngamiani, ndani ya masanduku yao ya mbao ambayo mara nyingi ufunguo wake umekwisha kupotea. Anayeitaka na aanze kwa mafundi wazee wanaoshona barazani. Hao ndio walioitwa kuzitengeneza miaka yote, na wanajua ni nyumba gani inayo na nyumba gani ilikwisha kuiuza. Mahali pengine pa kupita ni kwa wanunuzi wa vyuma chakavu. Cherehani ya ukubwa wa kawaida ina uzito wa zaidi ya kilo 10, na kwa mwenye mizani hiyo ni chuma kama chuma kingine. Ukichelewa, itakuwa imekwisha kuvunjwa.

Ukielekezwa kwenye nyumba, usiingie na swali la bei mdomoni. Bibi mmoja wa Ngamiani nilimwamkia, tukazungumza habari za wajukuu na za mvua, na cherehani ikatajwa mwishoni kabisa. "Inashona vizuri, mwanangu," aliniambia, "ila macho yangu ndiyo hayalioni tena tundu la sindano." Jibu la namna hiyo nalithamini kuliko sifa zote za muuzaji, kwa sababu linaeleza kwa nini cherehani iliwekwa kando: mshonaji amechoka, chuma hakina ubaya. Mkishaelewana, uliza pia ni mali ya nani. Cherehani ya marehemu imo katika mirathi, na mtoto mmoja akikuuzia kwa siri, nduguze watakufuata hadi kwako, na watakuwa na haki. Mimi hulipa mbele ya warithi wanaopatikana, na tunaandikiana karatasi.

Sasa tuje kwenye chuma chenyewe. Wengi huvutwa na nakshi za dhahabu, hasa zile zenye picha ya kiumbe wa Misri mwenye mwili wa simba na kichwa cha mtu, ambazo Singer ilizipamba baadhi ya cherehani zake. Nakshi ni nzuri, lakini haishoni. Telezesha kibao cha chuma kilicho karibu na sindano ukatazame chini yake kama boksi la bobini, ile inayobeba uzi wa chini, limo. Katika Singer za aina ya 27, 28, 127 na 128, boksi hilo lina umbo la risasi na ndani yake hukaa bobini ndefu na nyembamba. Likikosekana, hulipati kwa urahisi, kwani kiwanda cha Clydebank, Uskochi, kilichofunguliwa mwaka 1885 na kutoa cherehani nyingi za aina hii, kilifungwa mwaka 1980, na boksi halisi unalopewa leo aghalabu limetolewa katika cherehani nyingine iliyokufa. Cherehani iliyochubuka rangi lakini ina boksi na bobini zake naichukua mbele ya ile inayong'aa ambayo tumbo lake ni tupu.

Kisha shika mpini, uusukume kwa juu kwenda mbele, taratibu. Mzunguko mmoja wa mpini hushusha sindano kama mara tatu, na muda wote huo mkono usikutane na mahali pazito pa ghafla. Angalia na gurudumu: liwe na matundu, kwa kuwa kidole cha chuma cha mpini huingia humo ili kulizungusha. Gurudumu lililozibwa ni dalili kwamba mtu amebadilisha vipande. Ikigoma kuzunguka, usiilazimishe. Mara nyingi tatizo ni uzi ulionaswa karibu na boksi au mafuta ya zamani yaliyoganda, hasa pale mtu alipotumia mafuta ya kupikia, ambayo hukauka yakawa gundi. Mafuta ya taa kidogo huyeyusha gundi hiyo, lakini hayalainishi chuma. Yakishafanya kazi yake yafute, halafu utie mafuta halisi ya cherehani kwenye kila tundu na kila kiungo, uache usiku kucha, ndipo ujaribu tena.

Kwa kujaribu mshono, chukua uzi wako, sindano mpya na kipande cha kanga kilichokunjwa mara mbili, maana pindo la kanga ndiyo kazi ambayo cherehani hii itaifanya zaidi nyumbani. Tazama mshono pande zote mbili. Nyuzi mbili zinapaswa kukutana katikati ya kitambaa pasionekane kifundo juu wala chini. Ukiona vitanzi upande wa chini, usikate tamaa, kwani aghalabu uzi wa juu haukupitishwa sawasawa au umelegea mno kwenye visahani vinavyoubana. Huo si ugonjwa wa kupunguza bei, ingawa muuzaji asiyejua atakubali uipunguze.

Kuhusu umri, muuzaji atakutajia mwaka anaoutaka. Mara kadhaa nimeonyeshwa kibandiko cha shaba chenye ukingo wa buluu kilichoandikwa 1851–1951, nikaambiwa kwamba cherehani imetengenezwa mwaka 1851. Kibandiko hicho kiliwekwa wakati Singer ikiadhimisha miaka 100, kwa hiyo cherehani hiyo ni ya miaka ya 1950 hivi. Namba iliyogongwa kwenye kitako upande wa gurudumu ndiyo ya kuaminiwa. Namba yenye herufi Y ni ya Clydebank, kuanzia miaka ya 1920 hadi katikati ya miaka ya 1930, na zile zinazoanza kwa herufi mbili, ya kwanza ikiwa E, ni za baada ya hapo.

Kuna na uvumi wa zebaki nyekundu, kitu kinachosemwa kuwa cha thamani kubwa mno, ambao umeharibu biashara hii kuliko kutu. Mwaka 2009 watu huko Saudi Arabia walinunua Singer kuukuu kwa bei za ajabu kwa kuamini kwamba zina zebaki hiyo ndani yake, na mambo ya namna hiyo bado nayasikia vijiweni. Ndani ya cherehani hakuna zebaki ya rangi yoyote. Mwenye nyumba akianza kukutajia mamilioni kwa sababu hiyo, mwage kwa heshima uende zako. Hatakusikiliza siku hiyo.

Anayetaka kushona kweli, badala ya kuipamba sebule, ningemshauri atafute Singer ya aina ya 15K. Cherehani za Butterfly kutoka China zilifuata umbo lake, kwa hiyo bobini na boksi lake vinapatikana madukani hadi leo. Aina ya 12, yenye kitako kilichobanwa kiunoni, ni nzuri kuliko zote kwa macho yangu, lakini inatumia sindano ya peke yake ambayo ni taabu kuipata. 15, 27, 66 na 99 hutumia sindano ya kawaida.

Katika kusafisha, weka mbali msasa, stilwaya na spiriti. Nakshi zimefunikwa na varnishi nyembamba ambayo spiriti huiondoa, na nakshi zikifuata hazirudi. Kitambaa laini chenye mafuta ya cherehani, ukisugua polepole, hutoa uchafu wa miaka. Hewa ya chumvi ya hapa Tanga hushambulia kwanza sehemu zilizopakwa nikeli, hivyo zipanguse kwa mafuta kila unapomaliza kushona, na sanduku lisigusane na ukuta wala sakafu, kwa ajili ya unyevu na mchwa.

Pia ujue mipaka yake. Mkono wa kulia unazungusha mpini, na wa kushoto peke yake ndio unaoongoza kitambaa. Kwa pindo, kiraka, au mtoto anayejifunza na asiyepaswa kukimbia, hiyo ni faida. Kwa mishono mirefu ya kanzu, mpelekee fundi mwenye cherehani ya miguu.