Unataka kuimba injili? Usikimbilie studio kwanza

Nimeimba kwaya toka nina miaka tisa, na karibu kila mwezi kuna binti au kijana ananifuata ananiambia dada nimeshatunga nyimbo tatu nisaidie kupata studio. Mi huwa namuuliza kwanza, sasaivi unaimba wapi? Wengi hawaimbi popote, wanasema kwaya inawachelewesha.

Nawaelewa coz na mimi nilidhani hivyo. Nikiwa na miaka 19 nikaacha kwaya nikadunduliza hela miezi nane nikaenda kurekodi, prodyuza akaniuliza tuanzie ki gani (yaani sauti ianzie juu au chini kiasi gani) nikabaki namwangalia tu, basi akachagua yeye, akaiweka juu mno na kufika kwenye kiitikio nikawa nabana koo mpaka sauti inakatika. Ule wimbo nikiusikia hadi leo naumia. Niliporudi kwaya mwalimu hakunisema kitu, aliniweka sauti ya pili mstari wa nyuma, na huko nyuma ndo nikajifunza kuvuta pumzi ya tumboni na kumsikiliza wa pembeni yangu kabla sijafungua mdomo.

Anayebisha huwa namsimulia Mahalia Jackson, yule mwimbaji wa injili wa Marekani. Alizaliwa 1911 New Orleans, mama yake akafariki yeye bado mdogo sana, akalelewa na ndugu wa mama yake kwenye nyumba isiyotaka mchezo na miziki ya dunia. Aliimba kwaya ya watoto kanisani kwao, lakini jirani kulikuwa na kanisa lingine la watu wa ngoma na matari, wanapiga makofi na miguu, na yeye mwenyewe alikuja kusema ule mdundo wake aliutoa kwao. Kwahiyo sikilizeni kila kinachoimbwa karibu yenu jamani, hata kama sio dhehebu lenu!

Akahamia Chicago 1927, akaingia kwaya ya kanisa huku anafua nguo na kusafisha nyumba za watu. Akaenda kwa mwalimu wa sauti, mwalimu akamwambia aache kupiga makelele, hakurudi tena (na hapa niseme, fundisho la pumzi lipokee, ila anayetaka kukubadilisha sauti uliyopewa muogope). Rekodi zake za kwanza za 1937 hazikuuza. Ile iliyomfanya ajulikane aliirekodi 1947, yaani miaka kumi mizima, na katikati hapo alikuwa anazunguka makanisani anaimba na saluni yake ya nywele amefungua. Kazi usiache, nakuomba, maana njaa inaharibu hata uimbaji.

Binti wa mwisho aliyenifuata nimemwambia aje mazoezi jumatano na zile nyimbo zake tatu, tutaziimba kwaya nzima bila kinanda, tuone ki ipi inamkaa.