Neal Smith Alfajiri: Jibu kwa Mzazi Aliyeona Nyasi Tupu

Msomaji mmoja wa Des Moines ameniandikia kwamba aliwapeleka watoto wake katika hifadhi ya Neal Smith, karibu na mji wa Prairie City, Iowa, wakazunguka kwa gari saa saba mchana, wakaona baisani (nyati wa Marekani) wawili kwa mbali na nyasi tupu, kisha wakarudi nyumbani wamenuna. Ananiuliza kama kweli pale pana ndege.

Wapo, ndugu yangu, na wengi, lakini jua la saa saba huwanyamazisha. Nenda alfajiri, uwe umefika saa kumi na mbili kasoro, uache gari na usimame kimya. Mashamba yale yalikuwa ya mahindi na soya, na sehemu yake kubwa ilikwisha kununuliwa ili pajengwe kinu cha nyuklia ambacho hakikujengwa, mpaka Bunge la Marekani lilipoidhinisha hifadhi mwaka 1990 na mbegu za nyasi za asili zikaanza kupandwa upya. Katika jimbo ambalo mbuga yake ya kale haikubakia hata sehemu moja kwa elfu, hilo si jambo dogo.

Mwaka jana mtazamaji mzoefu aliniambia mbele ya watu kwamba mgeni kama mimi hawezi kumtambua shomoro wa Henslow. Maneno yale bado yananiuma. Juni hii nilichagua eneo ambalo halikuchomwa ule moto wa kutunza nyasi msimu huu, kwa kuwa ndege huyo hupenda mabua makavu ya mwaka uliopita, nikasikiliza kabla ya kuinua darubini. Akapanda juu ya bua, kichwa chake cha kijani cha zeituni akakirudisha nyuma, mdomo ukafunguka, mwili mzima ukatetemeka, na kikatoka kisauti kifupi tu: tsi-lik. Nilimwona vizuri, mabawa yake ya hudhurungi nyekundu na michirizi myembamba kifuani, wala sihitaji mtu wa kunithibitishia.

Kwa hiyo nasema tena: alfajiri, kimya, masikio kwanza. Suruali ichomekwe ndani ya soksi kwa sababu ya kupe, na ndani ya uzio wa baisani msitoke garini hata kidogo. Nasi tuliotoka Afrika Mashariki na Kongo, ambao wengi wetu tunamaliza wiki nzima viwandani, tuache kuwaambia watoto kwamba kutazama ndege ni mambo ya Wazungu. Hifadhi ile ni mali ya umma, nasi ni umma.

Kiingilio hakuna, na njia ya miguu ya Tallgrass imesakafiwa, hata mwenye kusukuma kigari cha mtoto ataifuata. Rudini kabla Juni haijaisha, kwani kuanzia katikati ya Julai bobolink, ndege mwingine wa nyasini, hupunguza kuimba na kujiandaa kwa safari ya Amerika Kusini.