Refa wa softiboli ya watoto awe mtu wa namna gani?

SWALI: Shikamoo Mwalimu. Binti yangu wa miaka 9 anacheza softiboli (mchezo wa kupiga mpira kwa gongo, kama besiboli) hapa Houston, na nimeombwa niwe refa. Sheria nimezisoma. Nizingatie nini zaidi?
Mzazi, Texas

JIBU: Marahaba, mwanangu. Usiwe na haraka. Ufuate mpira kwa macho mpaka uingie kwenye glavu ya mdakaji, vuta pumzi, ndipo utamke. Mwaka wangu wa kwanza nilikuwa natamka “straiki” (yaani mpira mzuri ambao mpigaji alipaswa kuupiga, na usipopigwa unahesabiwa dhidi yake) mpira ungali hewani, nikamtoa mtoto aliyekuwa akipiga kwa mpira uliopita chini ya magoti. Alinitazama machozi yakimlengalenga. Sijamsahau.

Straiki hupimwa juu ya kibao kilicholazwa chini kando ya mpigaji, kuanzia kwapani hadi juu ya magoti ya mpigaji, na kwapa la mtoto wa miaka 9 liko chini kuliko unavyodhani. Kwa hiyo inama vizuri, kila mpira, hata mgongo ukiuma. Uliyoiita straiki mwanzoni iwe straiki hadi mwisho.

Kocha akija juu, msikilize, umjibu kwa sauti ya chini. Kofia ngumu ya mpigaji ikicheza kichwani, simamisha mchezo ikazwe. Na mechi za binti yako, omba apangwe refa mwingine.