Taa moja ya Rav4 ilivyonila 285,000

Bodaboda alinipitia kushoto kwenye foleni ya Tabata Relini, usukani wake ukaigonga taa yangu ya mbele. Akageuka kunitazama, akavuta mafuta, akapotea. Namba sikuiona. Nikashuka kuokota vipande huku daladala ya nyuma inanipigia honi kana kwamba mimi ndiye niliyegonga mtu.

Kosa langu la kwanza nililifanya kesho yake asubuhi: nilikwenda moja kwa moja Gerezani, Kariakoo, kwenye maduka ya vipuri, na kipande cha taa mkononi. Gerezani ukisimama na kipande cha taa ni kama umebeba cheti cha hospitali, kila mtu ni daktari. Kabla sijavuka barabara winga, dalali wa mtaani, kanidaka. "Dada'ngu, Rav4 hiyo? Njoo, ipo og kabisa." Akataja 180,000. Mimi nikataja 100,000, tukakutana kwenye 130,000, nikajiona mjanja. Nilipogeuka nyuma nikamwona anarudi dukani kufuata cha juu chake.

Usibebe kipande, na usiende na neno "Rav4" peke yake. Yangu ni ya 2002. Mwaka 2003 Toyota waliigusa sura ya gari hilo, na taa zikabadilika. Ukichanganya ya kabla na ya baada, gari linakuwa na makengeza. Pembeni mwa ile plastiki ya mbele (tunaiita kioo lakini ni plastiki) kuna maandishi madogo. Kwa taa za Kijapani mara nyingi utakuta Koito, Stanley au Ichikoh, na namba yake. Piga picha hiyo namba, ingia duka la tatu au la nne peke yako, uulize bei kwa namba.

Turudi kwenye taa yangu. Ilikuwa safi, inang'aa kama glasi ya maji. "Mzigo wa Dubai huu," alisema muuzaji, nami nikaichukua kama sifa. Fundi akalegeza bampa, akafungua nati za spana namba 10, akafunga, nikampa 20,000. Mchana ule gari lilipendeza mno.

Usiku nikaingia Barabara ya Mandela. Kila gari lililokuja mbele yangu lilinipiga full. Mwanzoni nikadhani nimewasha full mimi. Sikuwasha. Kesho yake fundi akaishusha taa kwa zile skrubu za nyuma, jioni yakawa yale yale, sema sasa na mimi mwenyewe sioni mbele.

Siku ya tatu akaniambia nirudi giza likishaingia. Akaliegesha gari hatua kama sita kutoka ukuta wa gereji, akawasha low, yaani mwanga wa chini. Pale ukutani ndipo nilipoelewa. Mwanga wa taa ya kulia, ile ya zamani, ulikatika kwa mstari mnyoofu kisha ukapanda kidogo upande wa kushoto, kama ngazi ya kwanza. Wa taa mpya ulikuwa na ngazi hiyo hiyo, ila ilipanda kulia.

"Dada, hii taa imezaliwa Uarabuni," akasema. "Kule wanapita kulia."

Kumbe taa hutengenezwa ikijua upande wa barabara. Kwetu tunapita kushoto kama Wajapani, kwa hiyo mwanga unatakiwa kupanda kushoto, kwa waenda kwa miguu na vibao, na kubaki chini upande wa anayekuja. Ya Dubai inafanya kinyume: ngazi yake inaingia machoni mwa dereva mwenzako. Skrubu zinapandisha na kushusha mwanga wote, ngazi hazihamishi upande.

Dukani walinionyesha risiti: mali ikishauzwa hairudishwi. Kwa hiyo taa ya pili, mtumba wa Japani, 110,000, safari hii bila winga. Fundi alinionea huruma akachukua 10,000. Ongeza balbu 10,000 na mpira wa nyuma, ule unaoziba tundu la balbu, 5,000. Piga hesabu yote utapata 285,000, wakati ningeanza na fundi kabla ya duka ingekuwa 145,000.

Huo mpira usiudharau. Taa ya mtumba mara nyingi huja bila mpira, na mvua za masika zikianza taa inatoa jasho kwa ndani, kioo cha ndani kinafifia, na umeshanunua nyingine. Angalia pia masikio, vile vishikio vya plastiki vya kufungia. Likikatika moja wanachomelea kwa pasi ya kulehemu na linakaa vizuri tu. Nikiwa mkweli, kama sikio ndilo lililokatika peke yake huna haja ya taa nyingine kabisa. Vile vile kama tatizo ni plastiki kuwa ya njano: jua ndilo limeila, na msasa laini wa maji ukifuatiwa na polishi unairudisha.

Duka la pili walikuwa na betri chini ya meza. Niliomba waiwashe taa ikielekezwa ukutani, wakawasha, ngazi ikapanda kushoto. Hazikupita dakika mbili. Asiyetaka kukuwashia, muage.

Kuna taa nyingine niliyoonyeshwa siku ile, kwa 60,000. Pembeni ilikuwa imekwanguliwa msasa, na ukiinamisha kwenye mwanga unaona mabaki ya T na tarakimu. Namba ya gari la mtu. Tunachora namba kwenye vioo na taa kwa sababu ya wezi, halafu sisi wenyewe ndio tunawapa wezi soko. Niliirudisha mezani.

Fundi alitaka kunifungia balbu za wati 100, "usiku uone mpaka sisimizi". H4, aina ya balbu ya taa yangu, kwa kawaida ni wati 60 kwenye full na 55 kwenye low, na soketi yake imetengenezwa kwa moto huo. Jirani yangu alifunga hizo kali na soketi ikayeyuka kama mshumaa. Nikabaki na ya kawaida, nikamwomba asiishike kioo kwa vidole vyenye grisi.

Siku zile za taa ya Dubai trafiki hakunisimamisha. Angenisimamisha ingekuwa 30,000 nyingine.

Taa ya Dubai bado iko chini ya kitanda changu, nzima, masikio yote matatu. Burundi wanapita kulia. Kama uko Bujumbura na una Rav4 ya kabla ya 2003, upande wa kushoto, taa yako ninayo.